Baisikeli ya Mzee Mrefu

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani huko mbele kwamba nilikuwa shujaa. Nimetimiza miaka sitini na minane, nimekaa nyuma ya cherehani mtaani Nyakabanda tangu nikiwa na nywele kichwani, na kwa urefu wangu huinama kupita karibu kila mlango ninaoujua. Watu wakiona mtu mrefu hudhani ana moyo wa kulingana na mwili. Wangu ni wa kawaida, na ukiona lori linakuja hupanda hadi kooni.

Barabara nilianza kuiogopa sana baada ya mke wangu kupatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, mengine hayatoki kabisa. Binti yetu anayekaa Kicukiro, ng'ambo ya jiji, akamchukua kwake, kwa kuwa nyumba yake haina ngazi na choo kiko ndani. Mimi nikabaki Nyakabanda. Wapo wanaoniuliza kwa nini sikuhamia huko pamoja naye. Kwetu mzee halali nyumbani kwa mkwe wake. Atakwenda, ataketi, atazungumza habari za mvua, kisha ataaga jua likiwa bado lipo. Mkwe wangu ni mtu mwema, na ameniambia mara tatu kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Nimemshukuru mara tatu, na mara zote nimeondoka alasiri.

Ningeweza kwenda Ijumaa kwa Ijumaa kama wazee wengine wanaowatembelea wagonjwa wao. Lakini wiki ya pili baada ya kutoka hospitalini, mke wangu alipaliwa. Binti alikuwa anamlisha ndizi za kuponda, kipande kimoja hakikupondeka vizuri, kikamkaba. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni. Nilimwona macho yanamtoka, uso unageuka rangi, mkono wake mzima unapiga hewa. Nikamwinamisha, nikampiga mgongoni kwa kiganja mpaka kile kipande kikatoka. Yote hayo hayakuchukua hata dakika, na mpaka leo nikikumbuka naona jasho jembamba likinitoka.

Tangu siku ile akafunga mdomo. Binti akileta kijiko, anafunga. Mkwe akileta, anafunga. Muuguzi aliyekuja kumwangalia naye alifungiwa. Nikikishika kijiko mimi, ananitazama usoni kwa muda, kisha anafungua kidogo, anameza, anasubiri aone kama bado yu hai, anafungua tena. Bakuli moja huchukua saa nzima. Asubuhi na jioni alikubali kunywa uji mwepesi kwa kikombe, mafunda mawili matatu ya kuzuga tu. Chakula chenyewe, kile cha kumweka hai, kilikuwa cha mchana, na kilitaka mkono wangu.

Basi kila siku saa sita nilipaswa kuwa Kicukiro. Mabasi ni mawili, unabadilisha mjini, na foleni yake haina huruma na mtu. Ndani ya basi nasimama shingo imekunjwa. Nikaamua kupanda pikipiki. Magoti yangu hayana pa kukaa kwenye pikipiki, yanachomoza pande zote mbili, na dereva mmoja aliwahi kuniambia, "Muzee, wewe iko na mabawa." Nilicheka naye. Wiki hiyohiyo, kwenye makutano ya Sonatubes, barabara ikiwa imelowa, gari lilitupita karibu mno na kioo chake cha pembeni kikanigonga goti. Dereva wangu hakuanguka. Nilianguka mimi.

Sikuvunjika. Goti lilivimba, nikalala siku nne. Siku ya kwanza binti alinidanganya kwenye simu kwamba mama amekula. Siku ya pili pia. Siku ya nne mkwe ndiye aliyepiga, na kwa sauti yake tu nikajua. Walikuwa wamempeleka hospitali akiwa amelegea, wamemwekea maji ya mshipa, na wakajaribu kumpitishia mpira puani wa kumlishia. Mke wangu, kwa ule mkono mmoja alio nao, aliung'oa. Walipojaribu tena ilibidi watu wawili wamshike. Daktari akawaambia binti na mkwe kwamba wamrudishe nyumbani, lakini akikaa tena siku mbili bila kula, mpira utarudi, na safari hii watamfunga mikono.

Nilikaa kitandani na simu mkononi baada ya mkwe kukata. Nikamfikiria mwanamke niliyeishi naye miaka arobaini na mmoja amefungwa mikono kama mwizi. Goti lilikuwa linauma lakini nilisimama palepale, nikaegemea ukuta. Kuanzia siku ile nilikuwa na hofu mbili, na kila moja ilinisukuma kwenye nyingine. Nikienda, barabara inaweza kuniua. Nisipoenda, watamfunga.

Siku zilizofuata nilikwenda kwa mabasi, nikichelewa kila mara na goti likizidi kuvimba. Wazo la baisikeli ya umeme lilinijia nilipoona mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu akipanda kilima cha Nyakabanda huku anapiga pedali taratibu, hatoki jasho, kofia haijahama kichwani. Zamani nilikuwa mwendesha baisikeli mzuri. Vilima ndivyo vilivyonishinda. Nikajiambia kwamba kwenye baisikeli yangu mwenyewe, usukani nitaushika mimi na breki nitazikamata mimi. Nikiogopa, nitashuka nisukume. Kwa dereva wa pikipiki huna uhuru huo.

Binti alipinga. "Baba, watu wa umri wako wanatafuta fimbo, wewe unatafuta baisikeli?"

"Fimbo itanifikisha Kicukiro saa sita?"

"Ukianguka tena, nitakuwa na wagonjwa wawili. Nani atamlisha yeye, nani atakulisha wewe?"

Nikakasirika. Ndivyo nilivyo, nikikosa jibu napandisha sauti.

Duka lilikuwa Sonatubes, kabla ya kuvuka yale makutano yaliyoniangusha. Mwenye duka alikuwa mama wa miaka arobaini hivi, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, mwepesi wa maneno na mwepesi zaidi wa kucheka. Alinizunguka kama fundi anavyozunguka gari bovu, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Muzee, wewe uko mrefu, rwose! Kuja hapa ku ukuta, nikupime. Toa viatu kwanza."

Akachukua kitabu kigumu chembamba na futi. Akanieleza kwamba nitasimama mgongo ukutani, miguu peku, yeye ataweka kitabu katikati ya mapaja akipandishe mpaka juu kabisa kinapogota, halafu apime kutoka pale hadi sakafuni. Alisema kama anayeniagiza ninawe mikono.

Nimepima wanaume maisha yangu yote. Nimepima masheikh na nimepima mabwana harusi waliokuwa wanatetemeka, na sehemu ile wote huangalia dari, nami huangalia futi. Lakini mimi kupimwa pale, na mwanamke ambaye si mke wangu, na mlango wa duka uko wazi barabarani! Nilihisi masikio yanawaka.

"Hapana haja," nikamwambia. "Mimi fundi cherehani. Vipimo vyangu ninavyo."

Nikatoa mfukoni daftari langu na kumsomea kipimo changu cha ndani ya mguu, sentimita themanini na mbili.

Akakunja uso. "Themanini na mbiri? Wewe?"

"Unanibishia kazi yangu?"

"Sikubishii, muzee. Naona tu kama mguu iko nyingi kuriko hiyo."

"Wengine urefu wetu uko mgongoni," nikasema, kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala.

Ukutani palikuwa na chati. Themanini na mbili iliangukia fremu ya kati. Akaniletea ya kati, nikaikalia, na magoti yangu yakaja karibu na tumbo. Akapandisha kiti hadi kwenye mstari mwekundu uliochorwa kwenye bomba lake, bado magoti yakawa juu. Akasema kwamba ipo fremu kubwa pale ndani, nijaribu walau kuikalia. Nikaitazama kupitia mlango wa stoo. Kiti chake kilikuwa kinafika kiunoni kwangu, na kwangu kiuno ni mbali.

Sasa niseme ukweli ambao sikumwambia yeye, wala binti, wala nafsi yangu siku ile. Niliiogopa. Niliona nitakaa juu kule, miguu inaelea, gari linakuja, na ardhi sina. Ile ya kati ilinipa nyayo zote mbili chini. Namba ya daftari langu ilinipa sababu ya heshima ya kuwa mwoga, nami nikaishika kwa mikono yote miwili.

"Chati imesema hii," nikamwambia.

Akanyoosha mikono. "Sawa, muzee. Chukua wiki moja ya kujaribu. Lakini sikia vizuri. Hii raini nyekundu, hapana kuipita. Ukipandisha kiti kuipita, bomba inabaki kidogo sana ndani ya fremu, inakunjika. Unasikia?"

Nikasema nasikia. Gari lake la kusambazia mizigo likaileta baisikeli hadi mlangoni kwangu jioni ile.

Asubuhi nikaijaribu uchochoroni. Mota ilikuwa tamu, unagusa pedali tu nayo inakusogeza bila kelele. Lakini kila mzunguko goti langu bovu lilikuja hadi kifuani na kugonga usukani nilipokata kona. Nikijikunja, mgongo unaniuma. Nikijinyoosha, usukani uko mbali chini. Mara ya tatu goti liliupiga usukani hadi gurudumu likageuka lenyewe na nikaenda kuikumbatia nguzo ya kibanda cha jirani. Wateja wake wakacheka. Nikarudi dukani kwangu, nikachukua spana, nikapandisha kiti. Mstari mwekundu ukapanda pamoja nacho, ukawa juu ya fremu kwa upana wa kiganja.

Niliuona. Nilijiambia kwamba watengenezaji huweka mistari ya tahadhari kwa watu wanene, na mimi ni mwembamba. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Saa tano nikaondoka. Nilipita barabara ya juu kilimani taratibu, na kwa mara ya kwanza miguu yangu ilizunguka bila kunipiga. Nikaanza kuona raha. Kisha ukaja mteremko wa kushukia bonde la Gikondo. Ni mteremko ambao nimeupita maisha yangu yote nikiwa kwenye basi, sikujua ni mrefu kiasi kile. Nikakamata breki zote mbili. Uzito wangu ukaenda mbele, nikajisukuma nyuma kwenye kiti, na chini yangu nikasikia mlio. Ki. Nikatega sikio. Ki, ki. Kiti kilianza kuinama nyuma, polepole, nami nikainama nacho, mikono ikawa inanyooka, vidole vikawa vinaachia breki kimoja kimoja.

Nyuma yangu palikuwa na lori. Silisahau lile lori mpaka kesho. Halikupiga honi, lilikuwa linanguruma tu kwa gia ndogo, na nilijua kwamba nikianguka kulia nitaangukia mfereji, nikianguka kushoto nitaangukia magurudumu yake. Nilimwita Mungu kwa sauti. Nikasimama kwenye pedali, nikaachana na kiti, nikaielekeza baisikeli ukingoni, na gurudumu la mbele likasugua mawe ya ukingo wa mfereji mpaka tukasimama. Lori likapita. Nilishuka. Nilikaa chini kwenye ukingo wa mfereji, mzee mzima kwenye kanzu safi.

Bomba la kiti lilikuwa limekunjwa na kupasuka pale mwisho wa fremu. Niliisukuma baisikeli kwa miguu. Ni nzito zile ukiwa unazisukuma, betri peke yake ni mzigo, na kutoka bondeni hadi Kicukiro ni kupanda. Nilifika saa nane na nusu. Ndizi zilikuwa zimepashwa moto mara mbili zikawa ngumu. Mke wangu aliniona nilivyo, kanzu imechafuka, mkono umechubuka, akageuza uso ukutani. Nilipopeleka kijiko, akafunga. Nikamsihi, akameza viwili. Cha tatu kilimpalia kidogo, akakohoa, basi ikawa ndio mwisho.

Binti alinisindikiza hadi mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hiyo ni siku moja, Baba," akasema. "Daktari alisema mbili."

Sikulala vizuri. Kulipokucha nilipanda basi la kwanza kwenda Sonatubes, kwa kuwa mkwe alikuwa ameshampelekea yule mama baisikeli yake jioni ile. Duka lilipofunguliwa saa nne, nilimkuta amelishika bomba lililopasuka mkononi. Hakucheka. Hilo lilinitisha zaidi kuliko kama angenigombeza.

"Uliipita raini," akasema.

"Niliipita."

"Ungekufa, muzee."

"Najua."

Akaweka bomba kwenye meza. Akatazama chini, kwenye miguu yangu. Chini ya kanzu nilikuwa nimevaa suruali ya kijivu niliyojishonea mwenyewe.

"Ile themanini na mbiri," akasema polepole, "ulipima wapi?"

"Kwenye suruali yangu. Hii hii. Kutoka kwenye msamba hadi kwenye pindo."

"Na suruali yako inaishia wapi?"

Nikatazama. Suruali yangu inaishia pale zinapoishia suruali zangu zote tangu ujana, na za baba yangu kabla yangu, juu ya kifundo cha mguu, ili pindo lisiguse uchafu mtu akienda kusali. Kutoka pindo hadi sakafuni palikuwa na sentimita tisa za mguu mtupu na soksi. Na juu kule kwenye msamba, kama fundi yeyote mwenye akili, nilikuwa nimeacha tatu za nafasi ili mtu apate kuinama kurukuu bila suruali kupasuka. Tisa na tatu. Nilikuwa nimeichagulia nguo usafiri na kuusahau mwili uliomo ndani yake.

Nilitamani sakafu ipasuke nitumbukie. Miaka yote hiyo nawasahihisha wanagenzi wangu, nawaambia suruali si mguu, pima mtu, usipime nguo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeogopa kitabu chembamba cha mama wa watu, na nusura kinipeleke kaburini.

Yule mama akachukua kile kitabu, akanipa. Akavuta pazia la stoo. "Ingia, ujipime wewe mwenyewe. Mimi nitageuka, nitaangaria barabara. Ukifika juu, uchore ku ukuta."

Nikavua viatu, nikasimama ukutani nyuma ya pazia, nikafanya kama alivyosema. Nikachora kwa chaki yangu ya kushonea. Nikapima. Nikapima tena kwa sababu sikuamini. Nikamsomea nikiwa bado nyuma ya pazia, "Tisini na nne."

"Ndiyo hiyo," akajibu, mgongo umenielekea. "Mguu ya mutu, si ya suruari."

Akaitoa fremu kubwa. Ilikuwa nyingine, si ile ya kwanza niliyoikimbia. Hii haikuwa na bomba la juu katikati, ilishuka chini kama baisikeli wanazopanda wanawake.

"Hiyo ya kike," nikasema.

"Hiyo ya mutu wa goti bovu na kanzu," akajibu. "Mguu unapita hapa chini, haupandi juu. Mutu murefu anaanguka akiwa anapanda na akiwa anashuka, muzee, siyo akiwa anaenda." Akapandisha kiti, mstari mwekundu ukabaki umefichika ndani kabisa. Akausogeza usukani juu na karibu. Akanishikia nyuma, nikakaa.

Ardhi ilikuwa mbali. Niliigusa kwa ncha za vidole vya mguu mmoja tu, nikiwa nimeinama upande. Ni hivyo inavyotakiwa, alinieleza, ili goti linyooke, na ukisimama unateremka mbele ya kiti. Akanifanyisha hilo mara kumi pale kwenye ua wa duka, kusimama na kuteremka, kusimama na kuteremka. Mara ya kumi nilikuwa nimelowa mgongo. Magoti yangu hayakugusa kitu. Kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima, chombo kilikuwa kimenikubali nilivyo. Badala ya furaha, nilisikia hofu tu. Nilijua sasa sina sababu ya kutokwenda.

Saa ilikuwa sita kasoro. Binti alikuwa amepiga simu mara mbili. Mara ya pili alisema kwamba asubuhi mama amekataa hata uji, na kwamba mkwe ameanza kuzungumza na hospitali.

Kutoka duka lile hadi kwa binti si mbali, ila lazima uvuke makutano. Nilisimama pale ukingoni na baisikeli yangu ndefu, mbele yangu pikipiki zimejipanga, mabasi yanapuliza moshi, malori yanatoka bondeni yakiunguruma. Palepale, hatua chache tu, ndipo nilipoangukia. Niliona hata kiraka cha lami. Taa ikawa kijani, sikwenda. Ikawa nyekundu. Ikawa kijani tena, dereva wa pikipiki aliye nyuma yangu akasema, "Mzee, genda," nami nikajifanya narekebisha kofia ngumu aliyonivalisha yule mama.  Nilikuwa nafikiria kushuka na kusukuma njia nzima, na nilijua nikisukuma nitafika saa saba, na chakula kitapashwa moto tena, na ataniona tena nimechoka na kuchafuka, na atageukia ukuta, na itakuwa siku ya pili.

Taa ya tatu nikasema bismillahi, nikakanyaga.

Sitalipamba. Nilivuka nikiwa nimekodoa macho, nimekamata usukani kwa nguvu zangu zote, nikipumua kwa mdomo. Basi lilinipita kushoto karibu hadi joto la injini nikalisikia mguuni. Mtu alinipigia honi, sijui nilikosa nini. Baisikeli haikuyumba. Ilikwenda pale nilipoitazamisha, na kila nilipodhani nitaanguka nikajikuta bado nimekaa. Hofu haikupungua hata kidogo. Ilikaa pamoja nami juu ya kile kiti hadi mlangoni kwa binti, na niliposimama na kuteremka mbele kama nilivyofunzwa, ilikuwa saa sita na robo, kanzu yangu nyeupe haina doa.

Nikanawa. Nikaingia. Mke wangu alikuwa ameketishwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mashavu yameingia ndani. Bakuli lilikuwa mezani, moshi unafuka. Binti na mkwe walisimama mlangoni. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, nikachota.

Na mkono wangu ukaanza kutetemeka. Vidole vilivyokuwa vimebana breki havikutaka kuachana na ule woga. Kijiko kilicheza, ndizi zikamwagika kwenye kitambaa chake, nikachota tena, kikacheza zaidi. Nikaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, ikawa mikono miwili inayotetemeka. Nilimwona anakitazama kijiko, kisha ananitazama mimi, na midomo yake ikabana. Nikajua yamekwisha. Nilikuwa nimevuka kote kule, na sasa nashindwa na kijiko. Machozi yakanitoka mbele ya mkwe wangu, jambo ambalo sikuwahi kudhani litatokea.

Akainua mkono wake mzima. Nilidhani anataka kukisukuma kijiko. Akanikamata kifundo cha mkono, akanibana, mkono wangu ukatulia ndani ya wake.

"Unaogopa," akasema. Lilikuwa neno zima, limenyooka, la kwanza kunyooka tangu augue.

"Naogopa," nikamwambia. "Naogopa sana."

"Na mimi," akasema, akauvuta mkono wangu, akafungua mdomo.